Kipaimara si mashindano ya kukariri

Vijana ninaowafundisha kipaimara kila Jumamosi, huku Old Moshi, wanazitaja Amri Kumi kwa pumzi moja. Uliza neema ni nini, darasa zima linajibu: upendeleo wa Mungu tusioustahili. Mwambie mmoja aeleze kwa maneno yake, anainamisha kichwa.

Sina ugomvi na kukariri. Lakini Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 baada ya kukagua sharika za Saksonia na kukuta watu wanaitwa Wakristo huku hata Baba Yetu hawaijui. Ndiyo maana kila kipengele amekifuatisha na swali la maana yake, na kitabu akamkabidhi mwenye nyumba awafundishe walio chini ya dari lake. Sisi tumeng'ang'ania majibu, swali tumelitupa.

Mimi huanza na isale. Mchagga aliyekosa hulichuma jani hilo, hulipiga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Ukishaletewa isale, kukataa kusamehe ni aibu kubwa. Sasa geuza. Katika Injili, aliyekosewa ndiye anayekuja na isale mkononi, wewe bado hujafikiria hata kuomba radhi. Hiyo ndiyo neema. Upatanisho ni kwamba mmekaa tena pamoja.

Na toba? Masale hayohayo ndiyo mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo. Toba si machozi madhabahuni. Ni kuyarudisha masale uliyoyasogeza usiku. Kijana mmoja aliniuliza kama mtu anaweza kuokoka bila kuurudisha mpaka. Darasa likaangua kicheko, maana kijiji kizima kinajua ni mpaka upi. Nilijua siku hiyo wameelewa. Wokovu na utakaso vilieleweka kwa robo saa tu.

Wapo wanaoona ninachanganya mila na dini. Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyehudumu Old Moshi hadi mwaka 1938, aliuchukua undugu wa ngao, kifungo cha kimila cha vijana wa Kichagga, akauingiza katika malezi ya kipaimara. Usharika haukuporomoka.

Jambo hili si la darasani tu. Februari 1, 2020, katika ibada kwenye viwanja vya Majengo hapa Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana, wakiwahi kupita penye mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwalaumu marehemu, mwenye mgonjwa nyumbani huenda popote panapotajwa uponyaji. Ninaowalaumu ni sisi tunaoshika chaki na mimbari, tunaomwacha Mkristo afike utu uzima bila kuambiwa kwamba upako ni Mungu kumtenga mtu kwa kazi yake kwa Roho Mtakatifu. Haupungui ukichelewa, wala hauhitaji kugombaniwa. Aliyeielewa neema hakimbizwi na mtu, kwa sababu anajua alishapewa.

Wachungaji wetu, mnapowahoji vijana mbele ya usharika mwaka huu, acheni kuhesabu mistari. Mpeni kila mmoja neno moja, toba au sakramenti au lolote, alieleze kama anavyomweleza bibi yake jikoni, hata kwa Kichagga akitaka. Nanyi wazazi msiingoje siku hiyo. Katekisimo iliandikiwa nyumba zenu kabla ya madarasa yetu. Muulizeni mtoto leo jioni.