Kushindwa mara mbili si mwisho wa njia

Kuna maneno yanayorudiliwa miaka na miaka mpaka watu wanayachukua kama sheria. Katika mbio za Barkley, kwenye milima ya Tennessee huko Marekani, neno hilo lilikuwa: mwanamke hawezi kumaliza. Hata Gary Cantrell, mwanzilishi wa mbio hizo, alilisema waziwazi.

Mbio hizo zilianza mwaka 1986, na si mbio za miguu peke yake. Mkimbiaji anazunguka msitu mara tano, kila mzunguko karibu kilometa 32, na ana masaa 60 tu. Sehemu kubwa ya njia haina alama. Hakuna GPS, kuna ramani, dira na akili. Porini kunafichwa vitabu, na kila mkimbiaji anapaswa kupasua ukurasa unaolingana na namba yake ili kuhakikisha kwamba amepita pale. Mwenye kukosa ukurasa mmoja, mzunguko wake hauhesabiwi. Miaka mingi hakuna hata mmoja aliyemaliza.

Jasmin Paris, Mwingereza, muganga wa wanyama na mama wa watoto wawili, alijaribu mwaka 2022, akaishia kwenye mzunguko wa tatu. Mwaka 2023 alirudi, akaanza wa nne, muda ukamshinda. Wengi wangesema: inatosha, mwili umekwisha kujibu. Yeye alichukua kushindwa kule kama somo. Kila mara alikuwa amejifunza milima, usiku na njia.

Tarehe 22 mwezi wa tatu mwaka 2024 alimaliza kwa masaa 59, dakika 58 na sekunde 21. Zilibaki sekunde 99. Baadaye alieleza kwamba katika dakika za mwisho mwili wote ulikuwa unamlilia asimame. Mashaka hayakumtoka basi. Alikimbia nayo mpaka mwisho.

Hapo ndipo penye fundisho. Wengi wanafikiri kwamba shujaa ni mtu asiyekuwa na mashaka. Si kweli. Mashaka ni sauti ya mwili uliochoka, si hukumu. Anayengoja yaishe kwanza ndipo aondoke, hataondoka. Lakini pia, moyo mgumu peke yake hautoshi: bila kusoma ramani vizuri, nguvu zote zinapotelea porini. Paris alishinda kwa sababu uvumilivu wake ulikuwa na maandalizi.

Kwa upande wa Kivu na Ituri, hakuna wa kuwafundisha wanawake kutembea. Kila siku wanapanda milima na mizigo mgongoni, na wengi wamekimbia vita usiku, watoto mikononi, bila saa wala medali. Huo si mchezo, na haupaswi kusifiwa kana kwamba ni mchezo. Lakini jambo moja linabaki: wale wanaobeba hivyo, bado wanaambiwa kwamba masomo fulani, kazi fulani au uongozi si vya wanawake, kwa kuwa «hawatavumilia».

Wanaosema hivyo waulizwe swali moja: walimpa nafasi ya kujaribu mara ngapi? Paris alipewa mara tatu. Msichana anayeanguka mtihani mara ya kwanza, mara nyingi anaolewa mbele ya kujaribu tena. Wazazi, walimu na viongozi wawape wasichana mara ya pili, na hata ya tatu.

Mlango ukifungwa mapema, hakuna atakayejua nani angefika.