Chanjo nayo iwe na wakala wake

Kila chanjo ya mabinti ikitangazwa shuleni, klipu ya sauti huifuata. Mtu asiyejitaja jina anazungumza kwa uchungu kama shangazi yako: chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi inawafanya mabinti wetu kuwa tasa, wazazi amkeni, tuma kwa watu kumi. Ikifika jioni klipu imeshapita grupu la wazazi, la kikoba, la kwaya na la ukoo. Asubuhi binti anaambiwa abaki nyumbani.

Sasa tazama ilikopita. Imepita kwenye simu ambamo mzazi wake ameweka mshahara, ada ya shule na mchango wa harusi. Juzi simu hiyohiyo ilimwita bodaboda na kumfikisha Mbagala kwenye nyumba ambayo hajawahi kufika. Setilaiti zinazoiambia simu ilipo zina saa ndani yake, na saa hizo huenda mbio kuliko za ardhini. Kata sekunde moja vipande milioni. Kila siku zinatangulia kwa vipande kama 38. Zisingerekebishwa, ramani ingekosea kwa kilomita kumi na zaidi kabla siku haijaisha. Kanuni za kuzirekebisha zilitoka kwa Albert Einstein, miaka mingi kabla ya setilaiti ya kwanza kurushwa.

Dereva wa bodaboda haijui hesabu hiyo, wala hana haja ya kuijua. Waliomfanyia hesabu walipima, wakakosea, wakapima tena, wakawapa wenzao wakague. Chanjo ilipatikana kwa kazi ya namna hiyohiyo. Harald zur Hausen, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha kwamba saratani hii huletwa na kirusi cha HPV, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwanzoni, miaka mingi kabla ya tuzo hiyo, watu wengi walikuwa hawamwamini, ilimbidi athibitishe.

Kumcheka mzazi hakutasaidia. Hata pesa za simu hatukuziamini siku ya kwanza. Zilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, watu wazima waliuliza pesa inapitaje hewani, na ikipotea nani atairudisha. Hakuna aliyewapa semina ya hesabu. Aliyewashawishi ni wakala: kijana wa mtaani aliyekaa chini ya mwamvuli na daftari lake, ambaye mama yake mnamfahamu. Ukikosea namba, unarudi kwake. Usipoelewa, unamuuliza mara tatu na anajibu mara tatu. Ukikasirika, unamfokea yeye, na kesho yupo palepale.

Chanjo haina mtu wa namna hiyo. Fomu inaletwa na mtoto leo, gari la wilaya linafika kesho na kasha la baridi, nesi ni mgeni, foleni ni ndefu. Mzazi akiuliza anaambiwa ni agizo kutoka juu. Saa nane gari limeondoka. Swali la mzazi linabaki pale uwanjani, na mwenye klipu ana wiki nzima ya kulijibu anavyotaka.

Kuna ugumu mwingine. Pesa ikiingia, simu inalia papo hapo. Faida ya chanjo hii ni ugonjwa ambao binti hataugua akiwa na miaka arobaini, na hakuna ujumbe utakaolia siku hiyo. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kueleza, tena mapema, na maelezo yenyewe wala si magumu.

Ndani ya chanjo hii hakuna kirusi. Kuna ganda lake tu, tupu. Ni kama kumnusisha mbwa shati la mwizi: mwizi mwenyewe hayupo, lakini siku akija mbwa atamtambua. Shati haliwezi kuiba. Chanjo imetumika duniani tangu 2006, na swali la ugumba limechunguzwa, uhusiano haukupatikana. Rwanda iliifikisha nchi nzima mwaka 2011. Mabinti wa darasa la sita waliochanjwa mwaka ule leo ni wanawake wazima, na wapo wenye watoto.

Wanaosema tunafanyiwa majaribio ya kutoka mbali wanapaswa kusikia habari za Mwanza. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa huko, wenye miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa kujua kama dozi moja inatosha badala ya mbili au tatu. Watafiti wetu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walikuwamo. Kenya nayo ilifanya utafiti wake kwa wasichana 2,275, ukaonyesha kwamba dozi moja inakinga vizuri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania ikaanza kuitoa hiyo moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tunaona aibu kwamba mzazi wa Mwanza anaijua klipu na haijui kazi iliyofanywa na mabinti wa mji wake.

Ugonjwa wenyewe si wa kusimuliwa. Kwa makadirio, saratani hii huua wanawake zaidi ya 6,000 kila mwaka Tanzania. Wengi hufika hospitali wamechelewa, wameshauza kiwanja kwa ajili ya nauli na dawa. Karibu kila ukoo unaye mmoja.

Hatusemi kwamba shaka haina chanzo. Mwaka 1996 mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo, na wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Jeraha lile halikupona. Mwaka 2003 Kano ikakataa chanjo ya polio, na kirusi kikatoka huko kikaingia nchi nyingine ambazo zilikuwa zimeshakiondoa. Watoto walilemaa kwa sababu watu wazima waliacha kuzungumza mapema na kwa uwazi. Waganga wakuu wetu wa wilaya wanayajua haya, na bado fomu inafika siku moja kabla.

Dawa yake iko wazi. Wiki mbili kabla ya chanjo, kila shule iite kikao cha wazazi. Aje muuguzi wa zahanati ya hapohapo, yule aliyewazalisha kina mama waliokaa mbele yake, na asije na hotuba. Apokee maswali, hata yale makali, hata la utasa, na asimkatize mtu. Klipu yenyewe ichezwe kwa sauti mbele ya wote, kisha ijibiwe sentensi kwa sentensi. Baada ya chanjo muuguzi huyo arudi shuleni, aulize nani alipata homa na nani mkono ulimuuma.

Tumeambiwa hakuna bajeti. Kikao cha wazazi kinahitaji mabenchi ambayo shule inayo. Tumeambiwa hakuna watu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 nchi nzima, watu wanaoishi kwenye mitaa wanayoihudumia. Kama kazi hii si yao, ni ya nani? Tumeambiwa pia kwamba kuujibu uvumi ni kuukuza. Uvumi huu umeshakua bila kujibiwa, kwa hiyo hoja hiyo tumeichoka.

Na wewe mzazi, una wajibu wako. Ukipokea ujumbe kwamba umetuma pesa ambazo hukutuma, huwatumii watu kumi. Unampigia wakala, au unakwenda kusimama mbele ya meza yake mpaka akueleze. Basi mfanyie hivyohivyo muuguzi kabla hujamzuia binti. Bando la kusambazia klipu linatosha kupiga simu zahanati.

Halmashauri zianze na jambo moja kabla ya chanjo ijayo. Kila fomu iandikwe jina la muuguzi wa zahanati ya karibu na namba yake ya simu, na simu hiyo ipokelewe. Nafasi ya kuandika ipo, chini ya sahihi ya mzazi.