Anayemtaja Mahdi kwa Jina Anatutaka Tunyamaze

Kila Mwislamu aliyepitia madrasa amesikia habari za Imamu Mahdi: kwamba kabla ya Kiyama atatokea mtu wa kizazi cha Mtume (S.A.W.), naye ataijaza dunia uadilifu baada ya kujazwa dhuluma. Sikuja hapa kuipinga imani hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaoichukua imani hiyo na kuongeza hatua moja: wanamwonyesha mtu kwa kidole na kusema ndiye, au wanataja mwaka. Siku hizi hawahitaji hata mimbari. Video ya dakika tano inafika bwenini kabla ya alfajiri, na ifikapo mchana yuko mwenzetu anayeuliza kwa nini ahangaike na mitihani ilhali muda umekwisha.

Kwanza, watu hawa wanazungumza kwa uhakika ambao wanazuoni wenyewe hawakuwa nao. Qurani haimtaji Mahdi. Hadithi zinazomtaja kwa jina hilo zimo katika vitabu vya Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Katika Bukhari na Muslim jina hilo halimo. Wengi wamezikubali hadithi hizo, sawa. Lakini Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya karne ya 14, alizipitia moja moja na kuona kwamba ni chache mno zinazosalimika na dosari katika wapokezi wake. Hata Mashia, ambao Imamu wao wa kumi na mbili anajulikana kwa jina na yuko ghaibani tangu karne ya 9, wana mapokeo yanayowaita waongo wale wanaopanga wakati wa kutokea kwake. Basi huyu wa kwenye simu kapata wapi kalenda yake?

Mfano ulio bora zaidi hauko mbali nasi, uko juu kidogo ya mto Nili. Mwaka 1881, katika kisiwa cha Aba nchini Sudan, Muhammad Ahmad bin Abdallah alijitangaza kuwa ndiye Mahdi. Alikuwa mcha Mungu, mwenye elimu na mwenye maisha ya kujinyima. Hilo hata maadui zake walilikubali. Watu waliomfuata walikuwa na sababu za kweli: utawala wa Kituruki na Kimisri ulikuwa umewakamua kodi kwa miaka 60. (Wengine walimfuata kwa sababu biashara yao ya watumwa ilikuwa imebanwa, jambo ambalo wapenzi wa habari hizi hupenda kulisahau.) Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikaanguka, Jenerali Gordon akauawa. Miezi mitano baadaye Mahdi mwenyewe akafa kwa maradhi, dunia ikiwa haijajaa uadilifu.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wangu watulie. Mtawala wa kawaida akishindwa, raia wanasema ameshindwa. Lakini Muhammad Ahmad alikuwa ametangaza kwamba anayekanusha umahdi wake ni kafiri. Wanazuoni wa Khartoum waliandika kumpinga, wakionyesha kwamba alama hazikutimia: hadithi zinasema Mahdi atapewa baia Makka, kwenye Al-Kaaba, si kisiwani katikati ya mto. Yeye alijibu kwamba ameteuliwa na Mtume mwenyewe katika njozi. Na njozi ya mtu utaipinga kwa kitabu gani? Vitabu vya fikihi alivipiga marufuku, madhehebu akayafuta. Mlango wa kuuliza ukafungwa na mtu aliyekuja kwa jina la haki.

Khalifa Abdallahi aliurithi ufunguo wa mlango huo. Aliwahamishia watu wa kabila lake Omdurman, wakalishwa kwa nafaka za wengine. Mwaka 1889 njaa kali ikaikumba nchi, na Wasudani hadi leo wanaukumbuka kama mwaka wa sita, yaani 1306 Hijria. Hata jamaa za Mahdi mwenyewe walipoasi mwaka 1891 walizimwa. Kisha tarehe 2 Septemba 1898, kwenye uwanda wa Karari, zaidi ya Wasudani 10,000 waliuawa katika asubuhi moja mbele ya bunduki za Kitchener, ambaye alipoteza watu 48. Ushujaa wao siudharau hata kidogo. Nasema tu kwamba walikuwa wamenyimwa nafasi ya kumwambia kiongozi wao, miaka kumi na tatu kabla, kwamba amekosea njia.

Msomaji wa Uganda asidhani haya ni ya jirani peke yake. Ni uasi huo uliowakatia njia ya kurudi kaskazini askari wa Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, hadi Lugard akawachukua mwaka 1891. Wanubi wa Bombo ni kizazi chao.

Najua hoja itakayoletwa. Wahadhiri wetu wa historia watasema: bila jina la Mahdi, nani angeyaunganisha makabila yale dhidi ya mkoloni? Ni hoja nzito, na nakubali kwamba jina hilo liliunganisha. Lakini tazameni liliunganisha kwa gharama gani. Watu waliotaka kuondolewa kodi walijikuta wakiambiwa kwamba shaka ni ukafiri. Malalamiko yao yalikuwa na haki hata bila njozi ya mtu yeyote.

Na tusidanganyike na alama za jina. Wanasema jina la Mahdi litafanana na la Mtume, na la baba yake litafanana na la baba wa Mtume. Ni Muhammad bin Abdullah wangapi mnaowajua nyinyi? Wa Sudan alikuwa mmoja. Mwingine alikuwa Muhammad bin Abdullah al-Qahtani, ambaye tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria, kundi la Juhayman al-Otaybi lilimpa baia ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka kwa silaha, baada ya wanakundi kuota ndoto juu yake. Safari hii mahali palilingana na hadithi kwa sababu walipachagua makusudi walingane nayo. Mzingiro ulidumu wiki mbili. Al-Qahtani aliuawa humo humo, na Januari 1980 watu 63 wakanyongwa au kukatwa vichwa... la, niseme kwa usahihi: walikatwa vichwa, hadharani, katika miji mbalimbali ya Saudia.

Ndoto husafiri hata bila silaha. Mwaka 1908, mara tu baada ya Maji Maji, ilizagaa upande wa Lindi ile iliyoitwa Barua ya Makka, ikieleza ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, kwamba mwisho umekaribia na kila aipataye barua aieneze. Umepita zaidi ya muongo wa kumi na moja. Wanaotuma video leo wanatumia mtindo ule ule, wamebadilisha karatasi tu.

Kitukuu wa yule Mahdi wa Aba, Sadiq al-Mahdi, alikuwa waziri mkuu wa Sudan mara mbili. Aliomba kura mwaka 1986 kama wagombea wengine, akapingwa bungeni, akaandikwa vibaya magazetini, na aliyempigia kura mpinzani wake alirudi nyumbani akiwa Mwislamu vile vile. Aliyemwondoa mwaka 1989 alikuwa mwanajeshi, naye pia alisema amekuja kwa jina la dini.