Kifurushi Kimegoma Tingi, Mradi Umeshafunga Virago

Wadau, leo naomba mnivumilie, maana nitachanganya mambo ya kompyuta na mambo ya msitu katika chungu kimoja. Wale wenye tabia ya kusema "hayo waachieni wataalamu" nawaomba wasifunge ukurasa. Tukiwaachia ndiyo tunapigwa bao, na mpira tunaendelea kuushangilia.

Nianze na neno kifurushi. Ukilitaja pale Tingi, Wilaya ya Kilwa, mtu anafikiria bando: megabaiti ngapi, zinaisha saa ngapi. Lakini vijana wanaochora ramani kwa lugha ya Python nao wana vifurushi vyao, yaani programu ndogondogo zinazopakuliwa mtandaoni na kuunganishwa ili kazi iende. Sasa hivi vifurushi vya aina mbili vinakulana. Cha Python kikigoma, mwenye laptopu anaambiwa "futa yote, pakua upya". Akipakua upya anakula bando. Bando likiisha katikati, kifurushi kinabaki nusu, na kesho anaanza moja. Nani analipa? Si aliyetoa ushauri.

Nimekaa na kijana mmoja pale Tingi, amepita kwenye mafunzo ya ramani ya mradi fulani (mradi siutaji, na yeye simtaji). Walifundishwa vizuri tu, wakapewa vyeti, wakapiga picha ya pamoja na fulana mpya. Wakaachiwa na skripti: unaingiza alama za GPS za mipaka ya msitu wa kijiji, inakutolea ramani na ukubwa wa eneo. Siku ya mafunzo ilifanya kazi. Miezi michache baadaye inatema ujumbe mwekundu: hifadhidata ya makadirio ya ramani imetoka kwenye usakinishaji mwingine, toleo lake ni la zamani kuliko linalotakiwa. Kijana wa watu akadhani kaivunja laptopu.

Hakuvunja kitu. Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye utamu.

Karibu programu zote huria za ramani duniani zimekalia mafiga matatu: GDAL inayosoma na kuandika mafaili ya ramani, GEOS inayopiga hesabu za maumbo, na PROJ inayobadilisha mfumo mmoja wa majira ya nukta kwenda mwingine. Hizi hazikuandikwa kwa Python. Vifurushi vya Python kama Rasterio, Fiona, Shapely na pyproj ni madirisha tu ya kuchungulia mafiga hayo. Ukivileta kwa amri ya pip, kila dirisha linakuja na figa lake limefungwa ndani. Rasterio ina GDAL yake. Fiona ina GDAL yake. Pyproj ina PROJ yake. Ukisakinisha QGIS kwenye Windows, inakuja na Python yake na mafiga yake pia. Ukiongeza PostGIS, kisakinishi chake kinaweza kuandika kwenye mfumo mzima wa kompyuta kwamba data ya PROJ iko kwenye folda yake, na kila programu inayokuja baada ya hapo inaelekezwa huko, ipende isipende. Laptopu ya yule kijana ilikuwa na PROJ tatu za umri tofauti. Mpya ikaenda kusoma hifadhidata ya kongwe, ikaikataa. Ndiyo ujumbe mwekundu huo. Ni kama nyumba yenye wapishi watatu na kabati moja la viungo.

Na huo ujumbe mwekundu, msomaji wangu, ni bahati. Kinachonitisha mimi ni pale kompyuta inapokaa kimya.

Ramani nyingi za zamani za nchi yetu, zile za kipimo cha 1:50,000 ambazo mzizi wake ni wapimaji wa Kiingereza, zimejengwa juu ya datumu inayoitwa Arc 1960. GPS ya kwenye simu yako inatumia WGS 84. Nambari zile zile, ukizisoma kwa mfumo usio wake, zinakupeleka zaidi ya mita 200 pembeni, sehemu kubwa ikiwa ni upande wa kaskazini au kusini. Zamani skripti nyingi zilibeba mfumo wa ramani kama mstari mmoja wa maandishi, na ndani ya mstari ule mlikuwa na nambari za kusahihisha tofauti hiyo. Tangu PROJ 6 ya mwaka 2019 mambo yakabadilika: ukiiomba pyproj ya sasa iandike Arc 1960 kwa mstari wa namna ile, nambari za masahihisho hazimo. Inatoa onyo, kweli, lakini nani anasoma maonyo? Skripti inaendelea, ramani inatoka, rangi zake nzuri kabisa. Mpaka umehama.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mpaka unaokwenda mashariki-magharibi wenye urefu wa kilomita 5, ukiusogeza mita 200, umehamisha hekta 100. Mia moja! Kwa Kilwa hekta 100 za msitu hazichezewi. Ni wilaya ya mpingo hii. Huko huko ndiko Kikole na Kisangi zilikopata cheti cha FSC mwaka 2009 kupitia shirika la MCDI, vijiji vya mwanzo Afrika kuuza mbao za msitu wa asili wa jamii zenye nembo hiyo. Kijiji kinauza mpingo wake, na mapato yanaingia kijijini. Uhalali wa kuuza unategemea msitu wa hifadhi wa kijiji kuwa na mipaka inayotambuliwa. Sasa laptopu mbili, skripti moja, matoleo tofauti ya vifurushi, mipaka miwili. Siku mgogoro ukifika wilayani, kila upande una ramani iliyopigwa kwa kompyuta, na kila upande unaapa. Mzee mmoja alipoelezwa habari hizi aliniuliza swali ambalo sina hakika kama kuna mtaalamu amewahi kulijibu: "Mwanangu, msitu haujahama. Iweje mpaka uhame?"

Kuna na kituko kingine cha mabadiliko yale yale. Baada ya 2019, programu nyingi zilianza kuheshimu mpangilio rasmi wa WGS 84, latitudo kwanza kisha longitudo, wakati skripti za zamani ziliandika longitudo kwanza. Kilwa Kisiwani iko karibu nyuzi 9 kusini na 39 na nusu mashariki. Geuza nambari hizo halafu tafuta ulipo: utajikuta Ureno, kaskazini ya Lisbon! Mwaka 1505 Wareno walilazimika kuja na merikebu na mizinga ili kuichukua Kilwa. Siku hizi tunaipeleka wenyewe, bila pasi, kwa kusasisha kifurushi kimoja.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Hasira hii si kwa waliotengeneza programu. Wale wengi wanajitolea, na wana haki ya kurekebisha vitu vyao. Mwaka 2018 walikuja wenyewe Dar es Salaam, mkutano wa FOSS4G pale Ukumbi wa Julius Nyerere, na sisi tulijaa. Kabla ya hapo, tangu 2015, Ramani Huria ilikuwa imeshaonyesha kwamba wanafunzi wa vyuo vyetu na wananchi wa mitaa inayofurika wanaweza kuichora Dar wenyewe. Uwezo upo, hilo halina mjadala tena.

Hasira yangu ni kwa utamaduni wa miradi. Mradi unaandika kwenye ripoti kwamba "umekabidhi mfumo". Umekabidhi nini? Skripti bila orodha ya matoleo ya vifurushi vyake ni sawa na kumpa mtu dawa umeitoa kwenye boksi bila maelezo. Tarehe 16 Juni 2024 ilitoka NumPy 2.0, na vifurushi vilivyojengwa juu ya NumPy 1 vikaanza kuanguka vikikutana nayo. Mwezi huo huo ikatoka GeoPandas 1.0, ikaacha kuitegemea Fiona kama kawaida yake na kuhamia pyogrio, ikaondoa na zile ramani za mfano ambazo walimu wa mafunzo wanazipenda sana. Kwa hiyo waliofundishwa Mei na waliosakinisha Julai, kwa amri ile ile neno kwa neno, walikuwa na vyombo viwili tofauti. Mshauri wa mradi analijua hili. Kwenye laptopu yake mwenyewe ameshafunga matoleo, hawezi kuthubutu kufanya kazi bila hivyo. Kwa wa Tingi ndiyo anaacha wazi. Kwa nini?

Nimeshasikia majibu. La kwanza: "Siku hizi kila kitu kiko mawinguni, watumie seva ya mtandaoni." Ndugu yangu, unaikumbuka Mei 2024? Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, malori na mabasi yakalala njiani. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari zikakatika, na intaneti nchi nzima ikawa ya kuvizia. Ndani ya siku nane Kilwa ikawa haina barabara ya kuitoa wala wingu la kuipokea. Na ndizo siku ambazo ramani inahitajika: nani amezingirwa na maji, njia gani inapitika. Mwenye ramani anayefanya kazi bila mtandao ndiye mwenye ramani.

La pili: "Waachane na Python, QGIS inatosha." QGIS ni nzuri, naipenda. Lakini ndani yake imejaa Python, na nusu ya matatizo ninayoyaona yanaanza pale mtu anapoingiza kifurushi kwa pip ndani ya Python ya QGIS yenyewe. Kesho yake inakataa kufunguka. Tena hapa nawasema na vijana wenzangu: acheni kunakili amri za mtandaoni kama kombe la mganga. Python ya QGIS usiiguse. Kama unaanza upya chukua Miniforge, tengeneza mazingira ya kazi hiyo peke yake, na vifurushi vyote vya ramani vitoe conda-forge, kwa sababu kule vyote vimejengwa juu ya GDAL moja na PROJ moja. Usichanganye na hazina ya Anaconda yenyewe, achilia mbali kwamba tangu 2020 masharti yake yanataka taasisi kubwa zilipe. Ukishaweka GDAL na ndugu zake kwa conda, usiwafuatishie pip kuwagombanisha.

La tatu ndilo linalonichefua: "Ni suala la elimu, watazoea." Wazoee nini? Kupakua mamia ya megabaiti kila programu inaponuna? Ukiweka na QGIS humo unapita gigabaiti. Anayelipiwa intaneti na ofisi ya mjini asitupangie mazoea ya mtu anayenunua bando kwa hela ya kuuza ufuta.

Na dawa ipo, wala haihitaji mfadhili mpya. Kabla mshauri hajalipwa awamu ya mwisho, aandike faili la mazingira lenye toleo la kila kifurushi, siyo majina matupu. Kisha atumie conda-pack, ambayo inafunga mazingira yote kuwa faili moja linalofunguka kwenye kompyuta nyingine ya mfumo ule ule bila tone la intaneti. Aliweke kwenye flashi, pamoja na nukta tatu nne za ardhini ambazo majira yake yanajulikana kwa Arc 1960 na kwa WGS 84, ili yeyote akiendesha skripti aone papo hapo kama mfumo unasema kweli. Halafu aichomeke flashi hiyo kwenye laptopu ya kijiji, intaneti imezimwa, mbele ya kamati ya maliasili. Ramani ikitoka na nukta zikikaa mahali pake, alipwe. Isipotoka, arudi mezani. Fundi wa pampu ya maji halipwi kabla maji hayajatoka, sasa fundi wa ramani ana utukufu gani?

Wataniambia gharama. Gharama ya flashi? Bajeti ya fulana ilikuwa kubwa kuliko hiyo, niliziona fulana zenyewe.

Yule kijana kwa sasa anatumia laptopu ya rafiki yake wa Kilwa Masoko, ambayo bado ina matoleo ya siku ya mafunzo na wameapa hawataisasisha. Skripti inaendelea kukaa kwenye laptopu moja ya mtu binafsi, yenye betri inayokata baada ya dakika arobaini. Mimi zabuni nyingine ya ramani za vijiji ikitangazwa gazetini nitaisoma mstari kwa mstari nikitafuta neno flashi. Nisipoliona nitauliza, kwa jina langu kamili na kwa namba ya zabuni yao.