Afya ya Jamaa: Mlinzi Anayemsaidia Mwizi

Mama anaoga, mkono wake unagusa kiuvimbe kigumu katika titi. Akibonyeza, hakimwumi. Basi husema: "Si kitu." Wapenzi wasomaji, neno hilo limewaponza wengi.

Mishipa ya fahamu imetandazwa mwilini mwote kama nyuzi za simu. Mingine huchukua amri za ubongo. Mingine huupelekea habari: moto, baridi, maumivu. Hii ya pili ndiyo walinzi wa nyumba. Mtoto akikanyaga mwiba, mlinzi hupiga kelele, na mguu huondolewa upesi.

Lakini kansa ni mwizi mwenye hila. Tangu zamani waganga wa hospitali walijua ya kuwa huweza kufuata mishipa hiyo kama njia na kuisonga. Hapo maumivu huwa makali, na mara nyingi ugonjwa umekwisha kukomaa. Siku hizi wataalamu wamegundua jambo jingine: mishipa humea ndani ya uvimbe na kuulisha. Mwaka 2022 walionyesha kwamba katika panya wenye melanoma, kansa ya ngozi, mishipa ya maumivu hutoa kitu kiitwacho CGRP, nacho huchosha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mishipa hiyo ilipoondolewa, uvimbe ulikawia kukua. Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba substansi P, itokayo katika mishipa, huisaidia kansa ya matiti kuenea. Aprepitanti, dawa ya kuzuia kutapika, ilipunguza kuenea huko katika panya. Kumbe mlinzi naye hutumiwa na mwizi!

Hata hivyo, panya si mtu. Mtu asijinunulie dawa hiyo akidhani atajiponya. Wataalamu wangali wakichunguza.

Somo letu ni hili: mwili ukinyamaza, si lazima kwamba ni mzima. Uvimbe mpya, ujapokuwa hauumi, kidonda kisichopona, doa jeusi la unyayoni linalozidi kupanuka: hayo yote yaonyeshwe kwa mganga wa hospitali mapema. Nanyi akina baba, mkeo akikuomba nauli ya kwenda kupimwa, usimjibu, "Ngoja kwanza liume." Likianza kuuma, huenda mwizi yuko chumbani tayari.