Daftari la Wiki: Fairlady kwenye Ghala la Mahindi

Baridi imeingia Sumbawanga. Anayeshuka stendi na fulana akitokea Dar haulizi nyumba ya wageni. Anauliza makoti ya mtumba yanauzwa wapi.

*

Utani wa ungo nimeuchoka. Mwambie mtu wa Dar kwamba unasafirisha kitu kwenda Sumbawanga, hata kama ni friji au vitabu vya shule, atacheka kwanza, kisha atauliza kwa nini usikipakie kwenye ungo kikafika usiku huohuo. Wiki hii nimeusikia kwa wakala wa forodha, kwa karani wa malori, na kwa binti mmoja wa bima aliyekuwa akijaza fomu na kwa hiyo alipaswa kuwa na adabu kidogo. Jamani, ungo ungekuwa na uwezo wa kubeba tani moja na nusu hadi Kizwite, LATRA wangekuwa wameshaupangia nauli.

*

Uwanja wetu wa ndege: sina la kuongeza.

*

Kilichonikutanisha na watu wote hao wa utani wa ungo ni kijana wa jirani yangu. Anafanya biashara ya alizeti, hajaoa, na msimu uliopita bei ilimkubali. Wenzake wakipata huongeza shamba Laela. Yeye aliagiza Japani Nissan Fairlady Z, milango miwili, viti viwili, injini ya lita 3.5. Baba yake ni mzee aliyesafirisha mahindi maisha yake yote. Alipoonyeshwa picha kwenye simu aliitazama kwa muda, akaivuta iwe kubwa, akauliza gunia litakaa wapi.

Mimi simcheki kijana. Mji wote umejaa Noah na Probox, na sijawahi kukutana na mtu aliyeota Probox.

Bandarini gari lilipokewa kwa heshima zote: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2,000, ushuru wa uchakavu kwa kuwa umri wake umepita miaka kumi, na juu ya jumla ya hayo yote VAT ya asilimia 18. Alilipa, akanuna siku mbili, akapona. Kilichomtoa jasho ni kilomita 1,100 na ushei zilizobaki.

Wazo la kwanza, ambalo huwa la kila mtu, lilikuwa liendeshwe. Deiwaka hawakosekani Dar. Taja Tunduma tu uone watakavyojitokeza. Lakini uvungu wa gari lile ni kama sentimita 12, na barabara yenyewe tunaijua. Imebeba mafuta ya Zambia na shaba ya Kongo kwa miaka mingi. Pale malori yanapopanda kwa kujikokota, Kitonga au Mlima Nyoka, lami hubonyea kwenye njia za matairi na kuvimba katikati. Mwenye lori hana habari. Mwenye gari la chini anasikia tumbo likikwanguliwa. Baada ya hapo kuna kilomita 50 za Hifadhi ya Mikumi, ambako mnyama akivuka hakuulizi umenunua gari kwa shilingi ngapi. Kuna tochi za trafiki. Na kuna matuta, ambayo nitayarudia, maana nikianza sasa sitamaliza.

Kijana alinijibu kwa historia. “Mzee wangu, babu wa gari hili alichukua Safari Rally.” Ni kweli. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, enzi ambazo mbio zile zilikuwa za Afrika Mashariki, Tanzania tukiwemo, na tope lilikuwa tope. Nikamkumbusha kwamba magari yale yaliandaliwa kwa kazi hiyo, yakafungwa bamba la chuma chini ya injini, na nyuma yao walifuata mafundi wenye vipuri. Nyuma yake yeye kungekuwa na malori ya mafuta.

Wazo la pili lilikuwa langu, na wanaonisoma kila wiki wameshajua ni lipi. Reli. Ila reli ipi? TAZARA, yenye njia ya upana wa milimita 1,067, inapita Mbeya, inapita Tunduma, inaingia Zambia bila hata kugeuza shingo kututazama. Reli ya Kati, yenye milimita 1,000, ilitoa tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, na pale ikakata tamaa. Sumbawanga tumeachwa katikati ya hizo mbili, na hata siku zikitaka kukutana kwetu, behewa la huku halitaingia kule. Mkoa unaolisha nchi mahindi unaishi kwa matairi. Nimeshaandika haya na nitayaandika tena.

Kontena? Linafika vizuri, lakini ukishafika nalo Sumbawanga utafute winchi ya kulishusha, na kontena tupu lirudi Dar kwa gharama yako. Bredauni ya kubeba gari moja njia nzima? Inakutoza kwenda, na inakutoza kurudi tupu, na bei yake ilimfanya kijana aulize kama gari linaweza kukaa Dar likawa linamtembelea yeye.

Ndipo mzee wa gunia alipoingia kwenye mazungumzo ambayo hakualikwa. Akasema kwamba baada ya mavuno malori yanapanda Ufipa kufuata mahindi. Mzigo unaolipa ni wa kushuka. Wa kupanda ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwenye lori asiye na kitu mgongoni anasikiliza bei yoyote yenye akili. Akapiga simu kadhaa, salamu ndefu, habari za watoto, habari za mvua, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akauliza kuhusu semitrela isiyo na kuta. Ikapatikana. Kijana aliyekuwa akihangaika na simu janja yake tangu mwezi uliopita alikaa kimya.

Naandika maandalizi hapa kwa faida ya mwingine atakayerogwa na gari la chini (samahani kwa neno). Piga picha kila upande siku ya kupakia, na dereva wa lori awemo kwenye picha. Bakiza mafuta kidogo tu kwenye tangi. Mikanda ipite kwenye matairi: ukilifunga gari kwa bodi, springi zitacheza njia nzima na mkanda utalegea, ukilifunga kwa matairi, bodi itacheza juu ya springi zake na mkanda utabaki pale pale. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya kila tairi. Usilifunike kwa turubai linalogusa rangi, kwa kuwa upepo wa kutwa nzima hugeuza turubai kuwa msasa. Ufunguo ukae kwa dereva, usikae kwa utingo, ambaye ni kijana naye na ana ndoto zake. Na uulize bima mapema: bima kubwa ya gari ni kitu kimoja, bima ya mzigo ulio safarini ni kitu kingine, na mwenye lori akikwambia “usijali, tuna bima,” omba kuiona karatasi.

Yote hayo yalifanyika. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, kila penye mzani lori lilipimwa na Fairlady ikapigwa picha. Kijana alikuwa akitumiwa picha hizo na watu asiowajua.

Lori lilikuwa limeshapita Mbeya ndipo baba yake alipouliza swali lake la pili: litashukia wapi?

Hakuna aliyekuwa amefikiria. Dar lilipakiwa kwenye yadi yenye ngazi ya chuma. Sumbawanga ngazi hiyo haipo, na gari la sentimita 12 huwezi kuliteremsha kwa mbao mbili kutoka kimo cha semitrela bila kulivunja kidevu. Hapa ndipo ninapowaheshimu watu wa zamani, hata wale ambao sina sababu ya kuwapenda. Wajerumani walipotaka meli Ziwa Tanganyika, waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa kiwanda cha Meyer walikuja nayo, na Februari 1915 ikaingia majini. Ndiyo ile tuliyoijua baadaye Kasanga kwa jina la Liemba. Waingereza nao, mwaka huohuo wa 1915, walitoa London boti mbili zilizoitwa “Mimi” na “Toutou”, zikapita Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Katanga, zikavutwa na mashine za mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, na kabla hazijafika walikuwepo watu waliotangulia kukagua njia na kujenga madaraja. Disemba waliiteka meli ya Kijerumani, Kingani. Mwaka uliofuata walitokea mbele ya Bismarckburg, yaani Kasanga yetu. Mizigo mingine ya vita ile, na hili halichekeshi, ilibebwa na babu zetu kichwani, na wengi hawakurudi.

Lakini pande zote mbili zilianza kufikiria kutoka kwenye maji. Kwanza tunashushia wapi, ndipo tunapakia vipi. Sisi tunaanza Kariakoo na kumaliza popote giza litakapotukuta. Ndiyo maana friji za Sumbawanga zina mbonyeo upande mmoja.

Mzee alikuwa na jibu kabla ya kuuliza, nadhani aliliweka tu tumheshimu. Ghala la mahindi. Kila ghala la maana lina jukwaa la saruji lenye kimo cha tela, ili wapakizi wasiinue magunia. Lori likarudi kinyumenyume hadi likagusa, mbao nene zikalazwa kuziba ufa, na Fairlady Z ikatembea ikiwa imesimama sawa kutoka kwenye tela hadi ndani, katikati ya magunia, mbele ya wapakizi waliokuwa wameacha kazi bila ruhusa. Upande wa nyuma kuna mteremko mpole wa mikokoteni. Ikashuka hapo polepole, haikugusa chini. Watu walipiga makofi. Mzee alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na miadi na mnunuzi.

Sasa lipo jambo moja. Kutoka lami hadi kwao Kizwite kuna kipande cha udongo chenye korongo la mvua katikati. Gari limejaribu, limerudi. Mpaka ninapoandika linalala ghalani, na mwenye ghala anatoza kwa eneo, bei ya gunia.

*

Kijana ameniuliza kama Fairlady inaweza kushuka Muze kupitia Ntendo. Nilimtazama tu.

*

Wapo waliomshauri amtafute dereva wa IT “anayejua njia”. Nakataa, na nitasema kwa nini bila utani. Magari ya IT ni mali ya watu wa Zambia na Kongo yanayopita tu nchini kwetu, hayana kibali cha abiria, na dereva hulipwa kwa kufikisha, kwa hiyo kila saa ya usingizi anaiona kama hasara. Kila mwaka tunazika watu waliopanda IT usiku kwa sababu basi lilikuwa limejaa au nauli ilikuwa pungufu kidogo. Mabasi yameruhusiwa kutembea usiku tangu 2023. Ile sababu ya kwamba hakuna usafiri imekwisha. Mwanao akikupigia simu kutoka Chalinze akisema amepata lifti ya gari jipya lisilo na namba za kawaida, mwambie ashuke.

*

Mtu anayeuliza bei ya Fairlady mbele ya mwenye nayo hajawahi kumuuliza jirani yake bei ya mbolea.

*

Vijana wetu waliozaliwa baada ya 2010 wanadhani lami ya Tunduma ilikuwepo siku zote. Haikuwepo. Zile kilomita 220 na kitu zilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, mkataba wa 2008, na kabla ya hapo, masika, kulala njiani ndani ya basi lilikuwa jambo la kawaida. Abiria walishuka kusukuma, na kondakta hakupunguza nauli. Niwe mkweli: bila lami ile, kijana angenunua Land Cruiser ya zamani na mimi nisingekuwa na la kuandika.

*

Usiku wa manane, Katandala, kuna Subaru yenye bomba lililotobolewa makusudi. Mwenye nayo anajijua. Mama yake pia anamjua, na Jumapili nitakutana naye kanisani.

*

Matuta, kama nilivyoahidi. Sina ugomvi na tuta mbele ya shule. Nina ugomvi na tuta lisilo na rangi, lisilo na kibao, lililowekwa baada ya ajali na kusahauliwa baada ya wiki. Usiku halionekani. Bodaboda aliyebeba mama mjamzito halioni, dereva mgeni halioni, na mwenye gari la chini hulisikia. Rangi nyeupe haigharimu pesa ya kuitishia kikao. Wahusika wa barabara za mjini na wa barabara kuu, gawaneni mnavyotaka, lakini pakeni kabla mvua za Novemba hazijaanza.