Ng'ombe wa Farao Ndani ya Kompyuta

Ukipita Kongowea Jumamosi jioni utawaona wahubiri wetu, mkoba kwapani, wakipenya baina ya mitumba na magunia ya viazi kutafuta duka la kuchapisha mahubiri ya kesho. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, alinijia uso umemsawijika.

"Mwanangu," akasema, "mahubiri yangu yameingia wadudu."

Nikaitazama karatasi. Somo lilikuwa ndoto ya Farao, Mwanzo 41, na kila palipokuwa na ng'ombe pamezuka ngâ€™ombe. Wanono saba na waliokonda saba, wote wagonjwa! Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kijana mmoja alikuwa amemhamishia mahubiri ya zaidi ya miaka kumi kutoka Word hadi programu ya kusomea Biblia, kisha akafuta ya awali. (Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo, hakuijua adha hii. Yeye aliandika kwa kalamu.)

Mkosaji ni ile ritifaa ya ng'. Word huikunja, nayo ikishakunjwa huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mtindo uitwao UTF-8. Programu inayosoma kwa mtindo wa kale wa Windows huona herufi tatu mbalimbali. Tafuta hizo tatu kwa pamoja, uzibadilishe zote kuwa ritifaa iliyonyooka. Ni kazi ya dakika moja.

Vifupisho ndivyo vinavyochosha. Programu hizi hutambua mistari: ukiandika John 3:16, unabofya na mstari unafunguka. Lakini iliyofundishwa Kiingereza peke yake haina habari na Mwa, Mdo wala Ufu. Nami kwa haraka zangu nikaiamuru ibadilishe kila "Mwa" iwe "Gen". Lo! Mwaka ukawa Genka, na Mwana akawa Genna, tena katikati ya mahubiri ya Krismasi. Basi wewe tafuta "Mwa" pamoja na nafasi inayoifuata, na uiambie ichunge herufi kubwa.

Angalia pia hesabu ya Zaburi. Katika Union Version ya mwaka 1952, Zaburi ya 51 ina mistari 19. Kwa hesabu ya Kiebrania ina 21, maana kichwa chake nacho huhesabiwa. Mstari wa moyo safi ni wa 10 kwetu, wa 12 kwao. Mhubiri akibofya bila kutazama atasoma mstari mwingine mbele ya watu.

Kuhusu faili lenyewe, Logos hupokea kitabu chako binafsi kikiwa .docx, kwa hiyo lile la zamani la .doc lifungue kwanza ndani ya Word ulihifadhi upya. Kwa e-Sword ya Rick Meyers, ambayo kwa Windows ni ya bure tangu mwaka 2000, wengi hunakili na kubandika tu. Vyovyote vile, jaribu hubiri moja kwanza, na la awali usilifute hata ukibembelezwa.

Ng'ombe wa mzee walipona kabla ya adhana ya magharibi. Mahubiri mawili hatukuyapata kabisa, na moja ni lile alilolitoa siku ya kumzika ndugu yake. Analiandika upya sasa, kwa mkono, kadiri anavyolikumbuka.